Ajitahidi Kupunguza

Kikao kilianza baada ya swala ya alasiri, katika chumba kidogo kilichoungana na msikiti mmoja mjini Moshi. Tulikuwa watu sita juu ya mkeka: sheikh aliyetuita, wazee wawili wa upande wa mume, mume mwenyewe, mpwa wangu, na mimi niliyetoka Arusha asubuhi hiyo kuwa mwamuzi wa upande wa mke. Katikati yetu palikuwa na birika la kahawa na sahani ya tende ambayo hakuna aliyeigusa. Sheikh alisoma Fatiha, akamshukuru Mungu kwa kutukutanisha, kisha akampa nafasi mzee mkubwa wa upande wa pili afungue mazungumzo. Mzee akamgeukia mpwa wangu na kumuuliza kwa upole kabisa:

"Haya, mwanangu, tueleze. Ulimkosea nini mwenzio hata mkafikishana huku?"

Mpwa wangu akasema, "Samahani?"

Mzee akarudia. Mpwa wangu akasema tena, "Samahani, mzee, sijakusikia vizuri." Mara ya tatu mzee alipandisha sauti, akamwambia kwamba kutosikiliza ndiko kunakoharibu nyumba nyingi za siku hizi. Nikamwona mpwa wangu akijisogeza kidogo na kugeuza uso kuelekea ukutani, sikio lake la kulia likawa upande wa mzee. Akavuta ushungi ukaziba shavu la kushoto.

Nilidhani ni haya, na kwa dhana hiyo nikakaa kimya karibu kikao kizima.

Wiki saba zimepita. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, naye amenipa kwa sharti kwamba nisitaje jina lake, mtaa wake, wala kazi ya mumewe.

Karatasi

Tulimaliza kabla ya magharibi. Mtu mmoja alichana ukurasa wa daftari la shule, sheikh akaandika makubaliano manne kwa mwandiko mzuri uliotulia. La kwanza, mke asitoke nyumbani bila kumwarifu mumewe. La pili, asimjibu mumewe kwa ukali. La tatu, mambo ya ndani asiyapeleke kwa majirani wala kwenye simu za ndugu. La nne, ambalo ndilo pekee lililomhusu mume: ajitahidi kupunguza hasira.

Yakasomwa kwa sauti, tukaitikia inshallah, kisha kalamu ikazunguka. Sheikh alitia sahihi, wazee wawili wakatia, mume akatia, nami nikatia. Tukaomba dua, tukapeana mikono, na mzee mkubwa akanishukuru kwa hekima yangu, kwa kuwa sikuwa nimesema neno.

Nilikuwa kwenye Kosta ya kurudi Arusha, tumeshapita Bomang'ombe na giza limeingia, neno moja la karatasi ile lilipoanza kunirudia.

Kupunguza.

Apunguze kutoka ngapi hadi ngapi? Kama alikuwa akimpiga kila mwezi, je, akimpiga mara mbili kwa mwaka atakuwa ametimiza makubaliano niliyoyatia sahihi? Na hasira tuliyoitaja ni hasira gani? Mume yule ana watu wanaomuudhi kila siku, kuanzia wanaomdai mpaka askari wanaomsimamisha barabarani, na sijapata kusikia kwamba amemwinulia mkono hata mmoja wao. Hasira yake inajua pa kushukia. Mtu mwenye hasira inayochagua namna hiyo haumwi na hasira, na dawa ya hasira haitamponya.

Ndipo nikakumbuka jambo lililonikosesha usingizi usiku ule. Katika saa nzima ya kikao, hakuna mtu aliyetamka neno "kupiga". Tulisema wamekwaruzana, tukasema mume alipitiwa, tukasema mkono ulimponyoka. Mzee mdogo alisema vikombe kabatini havikosi kugongana, nasi tukatikisa vichwa kwa kukubali, kwa sababu ni msemo tuliokua nao. Lakini katika kabati lile kikombe kilichokuwa kikivunjika kila vinapogongana kilikuwa kimoja tu, na sote tulikuwa tunakijua.

Sikio

Wiki ya tatu dada yangu alinipigia simu. Mpwa wangu alikuwa amepelekwa hospitali kwa maumivu ya sikio, na daktari amesema ngoma ya sikio la kushoto imetoboka, tena si jana wala juzi. Kofi lilikuwa limepigwa siku tisa kabla ya kikao chetu.

Alikuwa hatusikii.

Tulikuwa tumemkalisha mbele ya wanaume watano, mmoja wao ni yule aliyempiga, akiwa hatua mbili tu kutoka kwake, tukamkaripia kwa kutosikiliza kwa sikio ambalo mtu tuliyekuwa tukimtetea ndiye aliyelitoboa.

Jinsi daktari alivyoujua ukweli nimeisikia kutoka kwa mpwa wangu mwenyewe, na bado naifikiria. Mumewe ndiye aliyempeleka, na mpwa wangu alijieleza kwamba amejichoma na kijiti cha pamba. Daktari aliangalia ndani ya sikio, akaandika kidogo, kisha akamwomba mume aende dirishani kulipia kipimo. Mlango ulipofungwa, hakumuuliza amekosea nini. Alimuuliza, "Nani amekupiga?" Mpwa wangu akalia kwa mara ya kwanza tangu yaanze.

Daktari yule alitumia dakika chache. Alifanya mambo mawili ambayo sisi, pamoja na umri wetu na vilemba vyetu, hatukuyafanya: alimtoa mume chumbani kabla ya kuuliza, na swali lake likaanzia kwa aliyetenda.

Nilipomsimulia mke wangu, alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaniambia jambo lililoniuma kuliko yote. "Mbona hamkutuuliza sisi? Mimi nimejua tangu Ramadhani iliyopita. Wanawake wote wa ukoo wanajua." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akanijibu kwamba mpwa wangu alimwapisha, na kwamba hata asingeapishwa, alijua nitakachofanya: nitaitisha suluhu.

Siku ya nikahi

Nimejaribu kurudi nyuma kutafuta mahali ambapo jambo hili lingeweza kuzuiwa, na kila ninaporudi najikuta kwenye siku ya nikahi yao, miaka minne iliyopita, nikiwa nimekaa kando ya bwana harusi.

Mpwa wangu alikuwa amefundwa kwa siku saba. Somo wake, mwanamke mzee anayeheshimika sana katika ukoo wetu, alimfundisha kumpokea mume, kupika, kutunza siri ya nyumba na kuvumilia. Na neno la mwisho lilirudiwa kuliko mengine. Bwana harusi hakufundwa na mtu. Alipata mawaidha ya sheikh yasiyozidi dakika kumi, ambayo tisa kati yake zilihusu utii wa mke, na mwishoni akaambiwa, "Nawe bwana harusi, mche Mwenyezi Mungu." Kisha pilau ikaletwa.

Siku saba kwa mmoja, dakika moja kwa mwingine.

Sikumlaumu somo, na hadi leo simlaumu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 uliwauliza Watanzania kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu fulani, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Wanawake waliokubali walikuwa asilimia 58 na wanaume asilimia 40. Wapo waliosoma tarakimu hizo wakasema wanawake wenyewe wanapenda. Mimi naziona kama hesabu ya siku saba na dakika moja. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kipigo ni sehemu ya ndoa hujiandaa nacho, kama mtu anavyojiandaa na masika. Na takwimu hizo si za dini moja. Majirani zetu Wakristo wa Moshi na Arusha wana vikao vyao na karatasi zao, na naamini wana masikio yao pia. Ninazungumza nasi Waislamu kwa sababu ndiko nilikotia sahihi.

Kuna jingine la siku ile. Tulijadiliana mahari kwa wiki mbili, tukajadiliana magari ya kumchukua bibi harusi, tukapeleka watu wawili kuchunguza kama kijana anaswali. Tuliambiwa alikuwa na mke kabla, na kwamba "hawakuelewana". Hatukutuma mtu kumuuliza mwanamke yule walishindwana nini. Wapo waliokuwa wakijua. Mmoja wao aliniambia mwezi uliopita kwamba alinyamaza kwa kuogopa kusengenya.

Nimeisoma upya habari ya Fatima binti Qays katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim. Alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kumtaka ushauri baada ya kuposwa na wanaume wawili, Muawiya na Abu Jahm. Kuhusu Muawiya alimwambia kwamba ni maskini, hana mali. Kuhusu Abu Jahm alimwambia kwamba haweki chini fimbo yake kutoka begani. Na katika mapokezi mengine ya hadithi hiyo hiyo imetajwa waziwazi kwamba ni mtu mwenye kuwapiga sana wanawake. Kisha akamshauri aolewe na Usama. Imam an-Nawawi, ambaye vitabu vyake tunavisoma madrasani tangu wadogo, anaihesabu nasaha ya namna hii katika mambo ambayo hayaingii kwenye usengenyaji uliokatazwa. Mtume alitaja tabia ya mtu kwa jina lake ili kumkinga mwanamke, nasi tukanyamaza ili kumkinga mtu, tukaiita stara.

Stara ile tulimvisha nani?

Aya

Sitaki kuliruka suala la aya ya 34 ya Suratun-Nisaa, ile inayotaja mume kumpiga mke, kwa sababu katika kila kikao cha aina hii aya hiyo huwa imekaa nasi hata isiposomwa. Kwa muda mrefu nilikuwa naisikia, napata uzito kifuani, kisha naondoka nikifikiria jambo jingine. Baada ya habari ya sikio nilishindwa kuondoka. Nikamwendea ustadhi aliyenifundisha Qurani nikiwa mtoto, ambaye sasa ni mzee wa kukaa barazani kwake Kaloleni, na nikamuuliza bila kuzunguka: je, mkwe wetu ana dalili ya kidini?

Hakunijibu kwa haraka. Alisema wanazuoni wameiwekea aya ile mipaka kiasi kwamba kinachobaki hakifanani kabisa na kinachofanyika majumbani mwetu. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alipoulizwa pigo hilo ni la nini, alitaja mswaki. Ata bin Abi Rabah, mwanazuoni mkubwa wa Makka katika kizazi kilichofuata Masahaba, alisema mume asimpige mkewe hata akimwamuru akakataa, bali amkasirikie tu. Imam Shafii, ambaye sisi wa pwani na bara hii tunajinasibisha naye, alisema kuacha ndiko bora. Kisha akanisomea maneno ya Bibi Aisha, kwamba Mtume hakupata kumpiga yeyote kwa mkono wake, si mwanamke wala mtumishi, isipokuwa alipokuwa vitani katika njia ya Mwenyezi Mungu. "Huyo ndiye aliyeteremshiwa aya," ustadhi alisema. "Wewe unayesema unaifuata, umemzidi kwa ufahamu?"

Akanikumbusha pia kisa cha wanawake waliokwenda kwa wake za Mtume kulalamika kwamba wanapigwa. Mtume akawatangazia watu kwamba wanawake wengi wameizunguka nyumba ya Muhammad wakiwalalamikia waume zao, na kwamba waume hao si wabora wenu. Hakusema wanawake hao wanaanika siri za nyumba zao.

Hapo nilidhani nimepata jibu langu, nikataka kuaga. Lakini ustadhi alikuwa hajamaliza, na alichosema baada ya hapo ndicho kilichoigeuza safari yangu yote.

"Mlipokuwa wadogo niliwapiga," akasema. "Unakumbuka?"

Nakumbuka. Nakumbuka bakora ya mpera iliyokuwa ikining'inia kwenye msumari kando ya ubao, na jinsi tulivyokuwa tukiambiwa kwamba anayetupiga anatupenda, anaturekebisha. Sikupata kumsikia mzee yule akijilaumu, na sikujua niangalie wapi.

"Niliwafundisha aya na niliwafundisha fimbo," akasema. "Waliosahau aya hawakuisahau fimbo."

Mlangoni alfajiri

Kabla sijaondoka alinisimulia kisa ambacho nilikuwa nakijua kwa nusu. Habiba binti Sahl alikuwa mke wa Thabit bin Qays, sahaba mwenye cheo, msemaji wa Maansari. Katika mapokezi ya Abu Daud, Thabit alimpiga hata akamvunja sehemu ya mwili. Imam Malik anasimulia kwamba Mtume alipotoka kwenda kuswali alfajiri, alimkuta mtu gizani mlangoni pake. Akauliza, ni nani huyu? Akajibu, mimi ni Habiba binti Sahl. Akamuuliza, una nini? Akasema: hapana, si mimi wala Thabit.

Ni hayo tu aliyoyasema. Na Thabit alipokuja, Mtume alimwambia kwamba huyu ni Habiba, amekwisha kusema aliyojaaliwa kuyasema. Habiba akasema kila alichopewa na mumewe bado anacho. Mtume akamwamuru Thabit akipokee, na Habiba akaenda kukaa kwa watu wake.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi katika wiki hizi. Mwanamke amekuja gizani, mwenyewe, kwenye mlango wa mtu mkubwa kuliko wote, kumlalamikia mume ambaye kila mtu anamheshimu. Hakuulizwa alimkosea nini. Hakuambiwa arudi kwanza aje na mzee wa upande wake. Aliulizwa ana nini, akaaminiwa, na jua la siku ile lilizama akiwa salama kwao.

Kazi ya mwamuzi iliyotajwa na Qurani katika aya inayofuata, ya 35, ya waamuzi wawili, mmoja kutoka kila upande, ilikuwa yangu. Nilikwenda Moshi nikidhani kazi hiyo maana yake ni kuhakikisha ndoa haivunjiki. Mtume amesema mnusuru ndugu yako akiwa dhalimu au akiwa amedhulumiwa, na alipoulizwa dhalimu ananusuriwaje, akasema kwa kumzuia asidhulumu. Katika chumba kile palikuwa na wawili wa kunusuriwa, na sikumnusuru hata mmoja.

Kuhusu sheria, kwa kifupi

Msaidizi wa kisheria aliyezungumza na mpwa wangu alimweleza mambo ambayo mimi, niliyekaa katika vikao visivyopungua saba, sikuyajua. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vingine. Baraza la usuluhishi, liwe la kata au la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, sheria inalitaka kwa ajili ya shauri la talaka mahakamani. Halitakiwi mtu anapokwenda kutoa taarifa ya kupigwa. Kipigo kinachoumiza mwili ni kosa la jinai, na Kanuni ya Adhabu katika kifungu cha 241 imekiwekea kifungo kinachoweza kufika miaka 5. Anayepigwa anaweza kwenda moja kwa moja kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, akapewa PF3, fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, bila barua ya sheikh wala ya balozi wa nyumba kumi.

Sisi tumewafanya wanawake waamini kwamba mlango wa kwanza ni sisi, na kwamba anayetupita ametuaibisha. Wengi wanakuja kwetu wakiwa na majeraha wanayopaswa kuwa wameyapeleka kwa daktari, na tunawaambia: yaishe hapa hapa.

Shaka

Lipo jambo lililonisumbua kuliko hoja za dini na za sheria, nalo ni swali la kawaida: je, mtu mzima hubadilika? Nikiri kwamba nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Niliona kazi iliyobaki ni kuwatoa wanawake majumbani, mmoja mmoja, baada ya kuumizwa.

Kilichonipa moyo ni kazi iliyofanywa kwa jirani zetu Uganda. Shirika la Raising Voices la Kampala lilibuni mpango unaoitwa SASA!, ambao kazi yake hufanywa na wanamtaa wenyewe, wakazi wa kawaida pamoja na viongozi wa mtaa, kwa mazungumzo ya mara kwa mara, miaka kadhaa mfululizo, kuhusu nani ana nguvu ndani ya nyumba na anaitumiaje. Watafiti walilinganisha mitaa iliyopitiwa na mpango huo na ile ambayo ilikuwa haijafikiwa, na matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba katika ile ya kwanza, kipigo kutoka kwa mwenza katika mwaka uliotangulia kilikuwa chini kwa takriban nusu. Mazungumzo hayo yalifanyika kwenye vibaraza na vijiwe, mahali ambapo sisi pia tunakaa kila jioni baada ya isha tukizungumza mpira.

Nusu hiyo, katika mitaa yetu, ni wanawake wangapi? Nilijaribu kuhesabu nyumba za mtaa wangu tu, nikaacha.

Kwa hiyo nimeanza na nilichonacho. Ustadhi ameiondoa bakora kwenye msumari wa madrasa ambayo sasa inaendeshwa na mwanawe, na mwanawe hakufurahi. Msikitini kwetu nimeomba kwamba bwana harusi afundwe kabla ya nikahi, angalau vikao vinne, na mtu amuulize mbele ya walii wa bibi harusi atafanya nini siku atakapokasirika na mke yuko mbele yake. Kamati imesema italifikiria. Mjumbe mmoja alisema nataka kuwafanya wanaume waogope kuoa. Nilimjibu kwamba yule ambaye swali hilo linamwogopesha ni heri tumjue mapema.

Kikao cha pili

Kilifanyika wiki mbili zilizopita, na hakikuwa suluhu. Tulikubaliana na sheikh, ambaye kwa heshima namtaja kwamba aliposikia habari ya sikio alifunga safari hadi Arusha kuniomba radhi, ingawa mwenye kuombwa radhi si mimi. Safari hii mpwa wangu hakuwapo chumbani. Alikuwa Arusha kwa mama yake, amekwisha kusikilizwa peke yake na mke wangu na mwanamke mwingine mwenye elimu ya dini, siku tatu kabla, na maneno yake nilikuja nayo yameandikwa.

Sheikh alisoma Fatiha. Kisha, kabla mzee mkubwa hajafungua mdomo, akamgeukia mume.

"Umempiga mkeo?"

Chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikika bodaboda zikipita barabarani. Mume akasema walikosana. Sheikh akarudia swali. Akasema alimgusa tu. Sheikh akarudia mara ya tatu, kwa sauti ile ile. Nikakumbuka ni nani mwingine aliyerudiwa swali mara tatu katika chumba hicho.

"Nilikuwa namrekebisha," mume akasema.

Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wa mtoto aliyewahi kusimama mbele ya ubao fulani, kwenye madrasa fulani, mikono imenyooshwa. Sikumwonea huruma kiasi cha kumsamehe kwa niaba ya mtu mwingine. Lakini nilielewa kwamba neno lile hakulipata pengine, tulimpa sisi.

Mzee mdogo, yule wa vikombe, ambaye ni kaka wa baba yake, akavua kofia akaiweka gotini. Akasema, "Mwanangu, sema umempiga. Hatuwezi kukusaidia kwa jambo usilolitamka." Ilichukua muda. Mwishowe akasema.

Hakuna aliyempongeza. Sheikh alimweleza kwamba mkewe akitaka kwenda polisi hakuna kati yetu atakayemzuia, akitaka khului, yaani kujivua ndoa kwa kurudisha mahari, hatadaiwa maneno mengi, na akitaka kurudi, itakuwa kwa wakati wake. Yeye mwenyewe atakuja kwa sheikh kila Jumamosi, na ami yake atakwenda nyumbani kwake bila taarifa. Ni mipango midogo, na sijui kama itatosha. Amekwisha kuja Jumamosi mbili.

Karatasi ya pili niliiandika mimi. Ina sentensi moja: hatampiga. Chini yake kuna nafasi za sahihi sita, kwa sababu nilipoitoa ile ya kwanza kwenye bahasha kuilinganisha, niligundua kwamba mpwa wangu hakuwa amewekewa mstari. Tulikuwa tumekubaliana juu yake bila yeye.

Nilimpelekea kwa mama yake jioni ile ile. Nilikaa upande wake wa kulia, nikamsomea, nikaiweka mezani pamoja na kalamu, nikamwambia kwamba hakuna anayeingoja. Aliisoma tena mwenyewe, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya msahafu wake.

"Acha kwanza, Mjomba," akasema.

Bado iko humo. Sahihi tano zimo. Mstari wake uko wazi.